Kokwa Saba

Lipo neno moja katika lugha yetu ambalo Wakristo tumelichukua kwa jambo letu na Waislamu hulisikia kwa jambo lao, nalo ni mafungo. Sisi Waanglikana wa Bonde, ambao babu zetu walibatizwa Magila, tukisema twaenda mafungoni huwa na maana ya kujitenga na shughuli za dunia siku mbili tatu, tukasali, tukasikiliza mafundisho na kunyamaza kimya. Ilhali jirani yetu wa mlango wa pili hapa Ngamiani, mama mtu mzima aliyekwisha kuhiji, hakuona ndani ya neno hilo ila saumu. Basi alipomsikia mke wangu akisema kwamba Ijumaa sote wanne twapanda Lushoto kwa mafungo, alimtazama kwa huruma, akamwuliza, "Mwafunga nini nanyi, mwanangu, na mwezi haujaandama?" na kabla hajajibiwa akaingia ndani, akatoka na bakuli la tende lililofunikwa kawa, akasema mwenye kufunga hafuturu kwa maji matupu. Mke wangu akataka kumfahamisha. Mimi nikamkonyeza asije akamharibia mtu thawabu zake.

Mimi ni karani mstaafu wa bandari, mtu niliyeumaliza ujana wangu nikihesabu marobota ya katani yakipakiwa matisharini hapa Tanga, na kazi ile humfunza mtu kuuchukia mzigo usiokuwa na lazima. Kwa hiyo barua ya mwaliko iliposema bayana kwamba kila jamaa waje na mablanketi yao, nilidhani maneno hayo wameandikiwa watu dhaifu, nikayapita. Mke wangu alipoyarudia, nikamtolea hoja kwamba Lushoto imo katika mkoa huu huu wetu, chini ya mkuu wa mkoa mmoja, wala haiyumkini mkoa mmoja ukawa na hali mbili za hewa. Na kama ni kipupwe cha Julai, basi kipupwe hata hapa Tanga kipo, nasi huwa twakistahimili kwa shuka. Badala ya mablanketi nikaamuru vichukuliwe vyandarua viwili, maana mbu ndiye adui niliyemzoea.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ni kilomita za namna yake, kwani barabara ile ya tangu zama za Wajerumani, walipouita mji ule Wilhelmsthal, hupanda kiasi cha mita 1,000 huku ikijipinda kama nyoka aliyepoteza kitu, bonde likiwa mkono huu na jabali mkono huu. Kitinda mimba wetu, binti wa miaka sita, alikuwa amekula maandazi manne Mombo. Karibu na Soni akaomba mfuko kwa sauti isiyotoa muhula, na kwa kuwa mfuko haukupatikana, na kofia yangu ya pama ilikuwa mapajani pangu imekaa kwa adabu, yaliyobaki hayahitaji kuelezwa. Watu husafiri mbali kuyatazama maporomoko ya maji ya Soni. Mimi nitayakumbuka kwa kuwa ndiko nilikooshea kofia.

Tulipofika tukapokewa na mzee wa Kisambaa, mtunza nyumba, mtu mpole aliyevaa koti juu ya sweta juu ya sweta nyingine. Akatutazama sisi na mashati yetu, asiseme neno. Baada ya sala ya jioni padre akatangaza kwamba tangu saa ile mpaka baada ya Misa ya Jumapili hapana kuzungumza, isipokuwa yeye anapofundisha, na ya kuwa watoto nao wajizoeze. Tukaingia mezani kula ugali na maharage. Maharage yale, ingawa yalikuwa motoni tangu mchana, yaliliwa kama mtu agugunavyo tasbihi. Nikamtazama kifungua mimba wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, nikaziinua nyusi kwa swali, naye kwa kuitii amri ya ukimya akatoa karatasi, akaandika: "Baba, kimo hiki maji huchemka kwa digrii 95 hivi, si 100, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maharage hukawia kuiva." Nikaipokea kalamu, nikaandika chini yake: "Kula."

Usiku baridi ikatujia pasipo hodi. Mbu hakuwapo hata mmoja, nami naapa laiti angekuja ningemkaribisha. Kufikia usiku wa manane tulikuwa tumevikunja vyandarua vyote viwili mara nne nne, tukajifunika sote kitanda kimoja, kama nguru walionaswa katika jarife. Na mke wangu, ambaye kwa mujibu wa amri hakuweza kunena lolote, alinena yote kwa namna alivyokuwa akipumua. Hapo njaa nayo ikaamka. Nikalikumbuka bakuli la jirani, nikalipapasa gizani, nikala tende, nikampa na binti aliyekuwa macho, na kokwa nikazikusanya kiganjani. Kisha nikalifungua dirisha taratibu, nikazitupa zote kwa mara moja, nisijue kuwa chini ya dirisha lile pana paa la bati la jikoni. Katika kimya kile cha mlimani kokwa ziliangukia bati kama mvua ya mawe, zikabiringika moja moja hadi ukingoni, zikadondoka uani. Mbwa wakabweka mbali. Dirisha moja likafunguliwa, likafungwa.

Asubuhi padre, alipokuwa akifundisha juu ya neema, akaitaja ile mvua ya ghafla iliyopita usiku, ijapokuwa mbingu zilikuwa safi, kuwa ni mfano wa kipawa kimjiacho mwanadamu bila ya kutarajiwa. Kina mama wawili watatu wakatikisa vichwa kwa kuafiki. Tulipokwenda kustaftahi, mzee mtunza nyumba akaniletea uji kwa taadhima kubwa, na pembeni mwa kikombe akaweka kisahani. Juu ya kisahani zimepangwa kokwa za tende, zimeoshwa. Nikazihesabu, kwa desturi ya kazi yangu: saba, shehena kamili. Yeye alikatazwa kunilaumu na mimi nilikatazwa kujitetea, basi tukatazamana hivyo kwa muda, kisha nikazitia mfukoni.

Mchana tulitembea hadi Irente, kwenye lile jabali ambapo ardhi hukatika ghafla, na chini kabisa, ukungu ukiridhia, huonekana Mazinde na mashamba yake ya mkonge. Siku ile ukungu haukuridhia. Ila mimi, niliyeijua katani tangu ujana, sikukubali wanangu warudi mikono mitupu. Nikasimama kwa kibri, nikaunyosha mkono kuwaonyesha huko iliko Mazinde, na nikaushikilia hapo hata ukungu ukapasuka, ikadhihirika kwamba mkono ulielekea kwa mtu mmoja na ng'ombe wake, akichunga. Akadhani namsalimu, akanipungia.

Jumapili, Misa ilipokwisha na ndimi kufunguliwa, watu wote walisema kwa pamoja, na padre akawa anamhadithia mgeni aliyepanda asubuhi ile habari ya mvua ya usiku wa Ijumaa. Binti yangu, aliyekuwa ameitunza amri ya ukimya kuliko watu wazima wote, akamvuta joho, akasema, "Padre, haikuwa mvua. Ilikuwa baba na tende." Nikazitoa kokwa mfukoni, kwa kuwa ushahidi ulikuwa ushatolewa. Padre akacheka hata akaomba kiti. Yule mzee, tulipokuwa tukiagana, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Karibuni tena, baba. Mwakani njooni na mablanketi."

Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, kwa hiyo tulipofika Soni tulinunua maharage kando ya barabara, yale yale ya mlimani, tukamjazia. Jirani akayapokea, akauliza saumu ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa njema, isipokuwa mimi niliwahi kufuturu. Jumatatu, kabla ya adhana ya adhuhuri, bakuli likarudi kwetu likiwa na maharage ya nazi, yameiva yakalainika.