Namna ya Kuunda Gurudumu la Milele, Likasimama

Tafuta gurudumu la mbele la baiskeli ambalo halijapinda. Vua tairi, osha gololi kwa mafuta ya taa, paka grisi mpya, kisha lifunge kwenye uma uliokazwa imara mezani. Usiharakishe hapa. Gurudumu linalokwaruza litasimama kwa uzembe wako, na sisi tunataka lisimame kwa sababu ya maana.

Sasa funga kwenye ringi vijiti vifupi 12, kila kimoja kwa bawaba na nati nzito kwenye ncha. Weka vizuizi ili kijiti kinaposhuka kinyooke nje, na kinapopanda kilale karibu na ringi. Umeingia kwenye ukoo wa heshima wa watu waliotaka gurudumu lizunguke milele bila kusukumwa tena: Bhaskara wa India alieleza gurudumu lenye zebaki ndani ya spoku zake mnamo 1150 hivi, na katika karne ya 13 Mfaransa Villard de Honnecourt akachora lake lenye nyundo saba. Waliona jambo la kweli kabisa, kwamba uzito ulio mbali na ekseli hugeuza kwa nguvu zaidi kuliko ulio karibu.

Sukuma, kisha ondoa mkono. Vijiti vitagonga, gurudumu litazunguka, litapunguza kasi, litapepesuka kidogo na kutulia. Hongera, umefaulu. Kaa nalo kabla hujabadilisha chochote.

Hesabu nati za kila upande. Upande wa kushuka ziko mbali, lakini ni chache. Upande wa kupanda ziko karibu, lakini zimejazana. Nguvu ya kugeuza, yaani torki, ni uzito mara umbali wa mlalo kutoka ekseli. Nati tatu zilizo umbali wa sentimita 40 zinapata 120. Nati nne za uzito uleule zilizo umbali wa sentimita 30 zinapata 120 pia, zikivuta kinyume. Mvumbuzi wa gurudumu la milele huhesabu umbali akasahau idadi.

Utashawishika kuongeza vijiti, chemchemi au sumaku. Ongeza, ujionee. Kilo 1 ikishuka mita 1 hutoa jouli 9.8 hivi, na kuirudisha juu kunadai jouli hizohizo, ipite njia iliyonyooka au ya kuzungukazunguka. Kila mzunguko ukikamilika, nati zote zimerudi pale zilipoanzia na faida ni sifuri. Kwenye sifuri hiyo toa msuguano wa gololi, upinzani wa hewa na ile milio ya vijiti, ambayo nayo ni nishati inayopotea.

Ukitaka umaarufu, fuata njia ya Johann Bessler. Mwaka 1717, katika kasri la Weissenstein karibu na Kassel, Ujerumani, gurudumu lake lenye kipenyo cha futi 12 hivi lilifungiwa chumbani kwa lakiri, na chumba kilipofunguliwa lilikutwa bado linazunguka. Lakini mwanasayansi Willem 's Gravesande alipokuja kulichunguza mwaka 1721, Bessler alilivunja mwenyewe. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris iliamua kutopokea tena mapendekezo ya mashine za namna hiyo, na ilifanya vyema.

Hatua ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ng'oa vijiti, kaza nati zilezile kwenye ringi kwa nafasi sawa, kisha zungusha. Litakwenda muda mrefu zaidi, kwa sababu hakuna tena vijiti vya kugonga na kupoteza nishati, na uzito ulio ukingoni hutunza nishati nyingi. Na kasi ikiwa mara mbili, nishati huwa mara nne. Ndiyo kazi ya lile gurudumu zito la cherehani ya miguu: hupokea nguvu ya mguu na kuilipa pale mguu unapolegea. Halizalishi hata jouli moja, na fundi anaishona nchi nzima kwa uaminifu wake.

Mtu akikuletea jenereta isiyotumia mafuta, maji, upepo wala jua, mwombe akuonyeshe kwanza jouli zinaingilia wapi. Mpaka akuonyeshe, pesa yako usiitoe.