Tanuri la Baba Watoto

Kwetu Tanga hakuna aliyekuwa na ugomvi na jiko la mkaa. Mkate wa kumimina tuliupika walivyoupika wazee: makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na mtoto mmoja wa kupepea. Kisha mume wangu akatazama video ya Mtaliano akioka piza kwenye tanuri la udongo, na amani ikatoweka.

"Udongo wa kichuguu haununuliwi," alisema. Kweli, na hakuna udongo unaoshikana kama ule, ndiyo maana mafundi wa matofali huutafuta. Ila kichuguu chenyewe kilikuwa shambani kwa shemeji, guta lilikodiwa, na dereva wa guta naye hula mchana.

Akarundika mchanga mbichi kwa umbo la kuba, akaufunika magazeti, akakandika juu yake udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Ulipoanza kukauka, akauchota ule mchanga kupitia mlangoni, likabaki pango safi. Kuku wetu hakuhitaji maelezo. Aliingia, akataga, akaanza kuatamia. Kuku huatamia siku 21, na kwetu kuku wa mayai hafukuzwi. Mume wangu akatangaza kwamba huo ndio utaalamu wenyewe, udongo ukikaushwa haraka hupasuka. Ulipasuka vilevile.

Vifaranga walipotoka, ikawa zamu ya mama mkwe kukagua. Yeye kakulia Unguja, mkate wa mofa unaookwa katika tanuri la udongo anaujua tangu utoto. Akachungulia ndani, akaugonga mlango kwa bakora.

"Mwanangu, hapa mtaoka mkate au mtafuga mbuzi?"

Mlango ukiwa mrefu mno, joto lote hutokea hapo. Ukapunguzwa.

Siku ya kuliwasha, moshi ulipita kwenye nyufa zote ukaenda moja kwa moja kwenye kanzu za jirani, zilizoanikwa kwa ajili ya Ijumaa. Tuliendelea kuchochea hadi masizi ya ndani yakaungua na ukuta ukatakata. Makaa yakakokolewa, sakafu ikapanguswa kwa kitambaa kibichi. Mama mkwe akarusha unga kidogo ndani. Ukawa mweusi papo hapo.

"Subirini."

Mume wangu hakusubiri. Mkate ukatoka na ganda la mkaa, katikati uji.

Balaa kubwa, hata hivyo, ni kwamba tanuri halijui kuwashwa kwa ajili ya watu watano. Kuni zilizoteketea zingepika pilau ya harusi, na joto lile halizimwi kwa swichi. Mama mkwe akapanga ratiba: mikate kwanza, kisha samaki, kisha viazi vitamu, na chungu cha maharage kilale humo mpaka alfajiri. Mtaa ukapata habari.

Juzi usiku nikasikia hodi. Ni jirani wa kanzu, kashika sinia la karanga.

"Bado lina moto?"

Nikamwambia apite uani, ila aangalie asimkanyage mtu: wenzake wa foleni walikuwa wamekaa gizani na masinia yao.