Namna ya Kutulia Kasaji bila Kupoteza Muda

Umechoka na Kolwezi. Vumbi limeingia mpaka kwenye sukari, malori ya madini hayakuachi ulale, na sasa binamu yako wa Nairobi ametuma picha zake za ufukweni: macho kayafumba, chini kaandika kwamba amejifunza kushukuru. Usimwachie uwanja peke yake. Yeye ana bahari, wewe una Kasaji, mji wa reli huko upande wa Dilolo, njia ya Angola. Uzuri wake wa kwanza ni kwamba binamu hawezi kuja kuhakikisha.

1. Panda treni. Barabara nayo ipo, matope masika na mchanga kiangazi, lakini lori litakutikisa mpaka usahau ulichofuata. Reli hii iliungana na ile ya Benguela mwaka 1931 ili shaba ya Katanga ipate njia ya kufika bandari ya Lobito. Aliyefikiriwa ni shaba. Abiria ni mgeni wake, na mgeni hungoja. Kwa hiyo utakaa stesheni, utakaa tena, na huko Ulaya kuna watu wanaolipa pesa nzuri ili wakalishwe kimya namna hiyo wasijue watatoka lini. Wewe umepewa ndani ya nauli.

2. Badilisha jina la unachofanya. Wenyeji wanangoja, wewe unatulia. Benchi ni lilelile, jua ni lilelile, lakini mama aliyekaa pembeni yako na magunia ya unga wa muhogo anahesabu hasara, na wewe unahesabu pumzi. Akikuuliza, "Papa, treni itakuja leo kweli?" mjibu polepole kwamba safari yenyewe imo moyoni. Halafu sogea kidogo. Mama wa sokoni huwa na majibu yake.

3. Tafuta mwalimu wa utulivu. Waliotangulia wamewamaliza wahenga wote wa India, nawe ukiwataja utaonekana umenakili. Taja manganizi ya Kisenge, mgodi wa huko huko wilayani Dilolo. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, madini yakakosa njia ya baharini, akiba ikabaki imelala. Treni za madini ya Kongo zilianza kupita tena kuelekea Lobito mwaka 2018. Miaka arobaini na kitu bila kunung'unika! Andika hivyo, na uweke nukta. Usiwataje watu waliokuwa wakila kutokana na mgodi huo, maana wao walinung'unika. Wala usiguse 1977, wapiganaji walipovuka kutoka Angola wakasonga mpaka Mutshatsha. Mambo hayo yanaharibu rangi za picha.

4. Sasa picha, na hapa nisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapoumbuka.

Stesheni usipige. Daraja usipige. Askari, mgodi, ofisi yenye bendera, usipige bila kibali. Unaweza kuwa unamlenga njiwa juu ya paa, ukashtukia unaeleza habari za njiwa huyo mbele ya meza, kwa bwana ambaye hana haraka hata kidogo. Utulivu wa meza ile ni wa kweli, lakini simu yako itakuwa kwenye droo yake. Najua utaniuliza: mbona Desemba 2024 Joe Biden alifika Lobito, akakaa na marais wa Angola, Kongo na Zambia, na picha za reli zikazagaa dunia nzima? Ndugu yangu, siku ukija na ndege yako mwenyewe tutazungumza upya.

Kwa hiyo piga vitu visivyo na mlinzi. Miguu yako mchangani. Mikono yako imeshika kikombe cha chai, ya maziwa au ya rangi, kamera haijali. Nenda Juni, asubuhi ni baridi na moshi wa makaa unafanana vizuri sana na ukungu. Agosti nayo inafaa: nyasi zinachomwa, jua linazama jekundu, na hakuna atakayejua kwamba ulipiga huku unakohoa.

Neno moja kuhusu hiyo simu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa ni ya mkoa huu wa Lualaba, kwa hiyo huenda betri yako imerudi kwao kutembea. Hilo linastahili shukrani, nakubali. Lakini shukuru kwa jumla: shukuru ardhi, shukuru uhai, shukuru ulimwengu. Ukimshukuru kijana aliyeshuka kwa kamba shimoni pale Kasulo, mtaa wa Kolwezi, mtu atauliza analipwa ngapi, na mazungumzo yatakutoka mkononi.

5. Andika maneno ya shukrani kabla hujaondoka Kolwezi, penye mtandao na umeme. Huko mbele utakuwa na shughuli ya kutafuta pa kuchaji.

6. Kula kwa watu. Utapewa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na utapewa kiti kizuri kuliko cha mwenye nyumba. Kwa Wachokwe na Walunda wa upande huu, heshima na shukrani huonyeshwa kwa kupiga makofi taratibu, mwili umeinama. Jifunze upesi. Ukikosea watacheka, na kicheko cha wenyeji ni picha bora kuliko machweo yote. Waombe warudie makofi, maana mara ya kwanza kidole chako kilifunika kamera. Wakisharudia, waulize kama bukari ilikuwa ya bure.

7. Yule mama wa magunia ataomba umpige picha na wanawe kabla treni haijafika, atajipanga, atafunga kitambaa upya. Mpige, itatoka vizuri kuliko za miguu yako. Atakupa namba ya mdogo wake aliye Kolwezi, uitume huko. Iandike mbele yake, mrudishie namba kwa sauti ili aamini. Hatua ya kutuma haimo katika mwongozo huu.