Umepewa Cheo, Sasa Warudishie Watu Saa Zao

Hongera, mkuu. Kiti kimeletwa, kitaulo cheupe kimetandikwa mgongoni pake, na kibao cha jina kinatazama mlangoni ili hata mleta chai asikosee. Sasa tuanze kazi.

Tazama saa ya ukutani. Umeitisha kikao saa tatu asubuhi. Ukiingia saa nne na robo na watu kumi na wawili wanakusubiri, umeshateketeza saa 15 za kazi kabla hujasema "karibuni". Usisingizie foleni ya Barabara ya Mandela, maana hao nao wamepita humo humo, tena wengine wamesimama kwenye daladala. Wahi. Sema lililokuleta. Likiisha, waache watu waende, hata kama sambusa hazijafika.

Kisha isome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Humo utakuta kwamba saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28. Hakuna kifungu kinachosema bosi akikumbuka ripoti saa nne usiku, kundi zima la WhatsApp liamke. Iandike kwenye daftari, ulale. Na mtu akileta fomu ya likizo, tia saini bila kumhoji anakwenda kufanya nini kijijini. Anakwenda kupumzika.

Penye kazi hasa ni kukaimisha. Mabosi wengi husafiri na ofisi nzima mfukoni. Bosi yuko Dodoma wiki nzima, faili liko Dar es Salaam, na mzabuni anayedai hela yake anashinda kwenye benchi la mapokezi mpaka mlinzi anamwita shemeji. Anayekaimu ana barua yenye muhuri, lakini kwa kila dokezo lazima apige simu: "Naomba maelekezo, mkuu." Naamini jambo hili huvunja watu moyo kuliko hata mshahara mdogo, kwa sababu mtu aliyeijua kazi miaka mingi anageuzwa tarishi. Mkaimishe kweli. Mwambie aidhinishe malipo hadi kiasi gani na asiguse yapi, halafu simu yako iweke chini. Akikosea, mrekebishe mkiwa wawili, mlango umefungwa. Akipatia, mtaje kwa jina mbele ya mkurugenzi, na taarifa aliyoikeshea isipande juu ikiwa na jina lako peke yako.

Mpe mzee wa getini shikamoo yake, cheo hakitapungua.

Halafu kuna yule kijana wa masjala anayekaa nyuma kila kikao, akiandika muhtasari kimya. Muulize anaonaje kabla wewe hujatoa maoni, kwa sababu ukishasema wewe, chumba kizima kitaafiki. Akianza kuongea, usimkatize.