Jinsi ya Kubuni Semantiki Yako Bila Kutoka Jasho

Unataka jina lako litajwe na wanamantiki, lakini nadharia huna. Ondoa shaka. Fani ya programu za kimantiki zinazotafakari kile zinachokijua na kukiamini bado ina viti vitupu. Sogea.

Kwanza, azima mfano. Usitunge wa kwako, utakuaibisha. Chukua ule wa Michael Gelfond kuhusu ufadhili wa masomo. Mwanafunzi Mike ana alama za juu au za wastani; faili halisemi zipi. Mwenye alama za juu anapewa ufadhili. Mwenye za wastani anapewa iwapo tu anatoka katika jamii ya wachache. Ambaye haijulikani kama anastahili au hastahili, aitwe kwenye usaili. Programu ya kawaida inapata seti mbili za majibu: katika moja Mike anastahili, kwa hiyo haitwi, katika nyingine anaitwa. Ukiiuliza kama aitwe, inaguna tu. Mwaka 1991 Gelfond akaleta alama ya K, yaani “inajulikana”, inayochungulia seti zote kwa mpigo. Kustahili hakumo katika zote, basi hakujulikani. Kutostahili nako vilevile. Mike aitwe! Lieleze hili taratibu, ukiwatazama watu machoni. Wapo watakaodhani K ni yako. Usiwakatize.

Pili, tafuta kidonda. Kipo kwenye mstari mmoja: p ni kweli ikiwa inajulikana kuwa p ni kweli. Semantiki ya 1991 inakubali mitazamo miwili ya ulimwengu, yaani makundi mawili ya seti za majibu. Katika mmoja p haimo. Katika mwingine p imo kwa sababu inajulikana, na inajulikana kwa sababu imo, kama mtu aliyejiandikia barua ya utambulisho akaigonga muhuri mwenyewe. Shtuka hadharani. Kwamba Gelfond aliziba tundu hilo mwaka 2011, nyamaza.

Tatu, na hapa sogeza sikio: anza na majibu. Orodhesha programu sita saba za mstari mmoja mmoja, andika jibu unalolitaka kwa kila moja, kisha kaza na kulegeza fasili mpaka iyatoe. Weka M, yaani “yawezekana”, mahali pa K: p ikiwa yawezekana p. Watunzi wengine hapo wanapata mtazamo mmoja wenye p, wengine miwili. Chagua unaoupenda, uuite “unaoingia akilini”. Maneno hayo hayadaiwi uthibitisho. Yakidaiwa, kunja uso.

Nne, kaa mbali na ugawaji. Kuna watu wanaotaka programu ikatwe vipande viwili, cha chini kitatuliwe kwanza, cha juu kiulize tu kinachojulikana huko chini. Mwaka 2019 Pedro Cabalar na wenzake wawili walizipima semantiki kadhaa kwa kipimo hicho. Ile kongwe ya 1991, na kidonda chake, ikapita. Nyingi za vijana zikaanguka. Neno “ugawaji” likitajwa ukumbini, tazama saa.

Sasa jina. Desturi ya fani ni herufi ya mtunzi na tarakimu mbili za mwaka: G91, G11. Weka yako bila haya. Ila kadi usichapishe bado. Gelfond mwenyewe ameshabadilisha tarakimu, na yule mwanafunzi wa safu ya nyuma ana programu ya mistari mitatu ambayo hajakuonyesha.