Sifa za Ukurasa wa Kichujio

Ukurasa wa kichujio ndio mnyonge kuliko kurasa zote za mwongozo wa programu ya ankara. Hueleza jinsi programu moja inavyoiagiza nyingine, kupitia API, iunde kanuni ya kuchagua rekodi: wadaiwa wa kata fulani, wa mwezi fulani, wa deni la kiasi fulani. Hauna picha wala kibwagizo. Msanidi programu huufungua siku mambo yakiharibika, naye huufungua kwa hasira. Ukurasa haulipizi.

Umbo lake ni la kifalme kwa uchache wa maneno. Kila sharti lina vitu vitatu tu: jina la sehemu ya rekodi, alama ya kulinganisha, na thamani. Kwa ankara za maji za Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, sharti la kwanza husomeka hivi: kata, sawa na, Rusimbi. Mvuvi wa dagaa angelielewa papo hapo, kwani wavu nao huchagua kwa ukubwa wa macho yake bila kumsikiliza samaki. Ila wavu haujui tahajia. Karani aliyezoea kupishanisha L na R akiandika Lusimbi, mteja hutoka kwenye orodha ya wadaiwa huku bomba lake likiendelea kutiririka. Ni nani mwingine mjini anayesamehe deni kwa sababu ya herufi moja?

Ukarimu huo huo umo katika alama. "Zaidi ya 50,000" na "kuanzia 50,000" hufanana kama pacha, na anayedaiwa shilingi 50,000 kamili huponea katikati yao. Mwongozo mwema hutenga mstari mzima kwa ajili yake.

Tarehe ndiyo uwanja wake wa fahari. Saa za Tanzania hutangulia saa za dunia, UTC, kwa saa tatu; malipo ya saa saba usiku, 1 Julai, kwa sava inayohesabu UTC ni ya saa nne usiku, 30 Juni, na mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Kwa hiyo mlipaji hurudishwa mwaka wa nyuma akiwa kitandani. Ujiji, katika manispaa hiyo hiyo, ilikwisha kuyaona haya: Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone 10 Novemba 1871, ilhali kwa hesabu ya Livingstone mwenyewe siku hiyo iliangukia Oktoba. Kichujio cha kuanzia 1 Novemba kingemrudisha Stanley peke yake, kofia mkononi, akisalimia pasipo wa kumwitikia.

Kilele cha sifa, hata hivyo, ni maelezo ya sehemu iliyo tupu. Mwanahisabati George Boole, katika kitabu chake cha 1854, alitosheka na ndiyo na siyo. Hifadhidata za SQL zikaongeza jibu la tatu, haijulikani. Mteja ambaye kata yake haikujazwa harudi anapotafutwa "kata ni Rusimbi", wala harudi anapotafutwa "kata si Rusimbi". Haishi popote, mpaka mtu aongeze sharti la "kata haijajazwa". Walioandika ukurasa walilisema hilo kwa sentensi moja fupi, chini kabisa, kwa unyenyekevu wa kupita kiasi.

"Na" na "au" zisipofungwa kwa mabano, "na" hutangulia. "Rusimbi au Ujiji, na deni kuanzia 50,000" huleta wakazi wote wa Rusimbi, waliolipa na wasiolipa, na fundi wa kukata maji hupiga hodi kwa mtu aliyeshika risiti.

Namba ya kumbukumbu ya malipo, iliyoenea katika taasisi za umma tangu mfumo wa kielektroniki wa malipo ya serikali, GePG, uanze 2017, hupunguza makosa hayo: ankara moja, namba moja, rekodi moja. Ni ya haki mno, na haimwachii mwandishi wa mwongozo la kusimulia.

Ukurasa humalizia kwa habari kwamba majibu huja kwa mafungu, na asiyeomba fungu la pili hupewa la kwanza tu. Fungu likiwa la rekodi 100, mdaiwa wa 101 hatumiwi ujumbe.