Ushauri kwa Wagonjwa wa Santuri

Santuri ndogo ya muziki wa soul, yenye upana wa inchi 7 na inayozunguka mara 45 kwa dakika, ilichapwa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1960. Lebo ndogo za Detroit, Chicago, Philadelphia na Los Angeles zilitoa nyimbo ambazo nyingi hazikupigwa redioni wala kuuzwa, zikaishia maghalani. Zilifufukia kaskazini mwa Uingereza. Vijana wa miji ya viwanda walizicheza usiku kucha katika ukumbi wa Twisted Wheel, Manchester, na kuanzia 1973 katika Wigan Casino. Jina la Northern Soul lilitoka kwa mwandishi Dave Godin, mwenye duka la santuri London, aliyegundua kwamba wateja wa kaskazini waliofuata mechi jijini hawakutaka funk mpya. Walitaka mwendo wa kasi wa katikati ya miaka ya sitini. Homa hiyo haijashuka, na barua za wagonjwa hufanana.

Mume mmoja amemwambia mkewe kuwa santuri aliyoinunua ni ya pauni 5. Bei yake ni pauni 500, na sasa anaomba hoja. Ile iliyozoeleka, kwamba kilicho adimu ndicho bora, haina miguu. Bei hupandishwa na uchache wa nakala na wingi wa wanaozitaka. Uzuri wa wimbo huchangia tu. Mfano maarufu ni "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson, iliyochapwa 1965 na lebo ya Soul, tawi la kampuni ya Motown, kisha ikazuiwa kabla ya kufika sokoni. Nakala chache mno zilisalimika, na moja iliuzwa 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Wimbo ni mzuri kweli, lakini haushindi mara elfu kumi ule wa pauni mbili na nusu. Isitoshe, lebo ya Tamla Motown iliutoa Uingereza mwaka 1979, na aliyetaka kuusikiliza tu aliupata kwa bei ya kawaida. Mume huyo hana hoja. Ana santuri.

Dijei anayechipukia anashuku kuwa ameuziwa feki. Ukaguzi huanzia kwenye ukanda mtupu ulio kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya lebo. Nakala halisi za Marekani mara nyingi zina alama zilizogongwa kwa mhuri: kiwanda cha Monarch cha Los Angeles, kwa mfano, kiliacha herufi MR ndani ya duara. Feki nyingi zimechorwa namba kwa mkono. Tatizo ni kwamba hata lebo halali zilichora kwa mkono mara kwa mara, hivyo namba hulinganishwa na ya nakala isiyo na shaka kabla ya muuzaji kukabwa shati.

Mwingine hapati usingizi: wimbo aliousikia ukumbini ulitajwa kwa jina lisilopatikana popote. Huenda jina hilo lilibuniwa. Madijei walikuwa wakibandika karatasi juu ya lebo na kumzulia mwimbaji jina ili washindani wasiujue wimbo, hila ambayo wapiga muziki wa Jamaika waliitumia kabla yao. Huyo Frank Wilson mwenyewe alichezwa kwa jina la Eddie Foster.

Barua chungu zaidi ni ya aliyesifia wimbo mbele ya wajuzi akachekwa. Wajuzi wenyewe wameokotwa na bahati. "Tainted Love" ya Gloria Jones ilitoka 1965 ikiwa upande wa pili wa santuri iliyododa. Dijei Richard Searling aliikuta Marekani mwaka 1973, na mwaka 1981 kundi la Soft Cell liliiimba upya ikashika namba moja Uingereza. Maoni yenye uzito hutolewa baada ya kusikiliza pande zote mbili na kabla ya kuuliza bei. Husema ngoma inaingiaje, besi inatembeaje, mwimbaji anamudu au anapayuka. Hutenga pia wimbo wa kuchezwa na wimbo wa kusikilizwa, maana upo unaojaza ukumbi ilhali sebuleni hauvumiliki. Kusema "kali" pekee ni kupiga kelele.

Wa mwisho ni mama mkwe, anayeuliza kama mkwewe ni bahili kwa kukataa kutoa santuri zake zipigwe harusini. Jibu hutegemea malighafi. Nyingi za Marekani zilitengenezwa kwa polistirini, inayovunjika badala ya kupinda, na sindano nzito au iliyochakaa huila haraka hadi wimbo ukakoroma. Za vinyli hustahimili zaidi. Mkwe mwenye za vinyli hana kisingizio.